Koti la Mlezi wa Ndovu

Tarasaa,
9 Februari 2025

Mdogo wangu Thoya,

U hali gani huko porini? Kile kikohozi cha Desemba kimekwisha au bado unakifuga? Mimi sijambo, ila mgongo una maneno yake. Baba naye hajambo, kwa kiasi cha mtu ambaye nusu ya mwili haimsikii.

Naandika kwa sababu simu yangu ilitumbukia kwenye sufuria ya uji. Hata ingekuwa nzima, wewe hupatikani mpaka upande juu ya kichuguu. Changawa, dereva wa gari lenu la maziwa, ameniambia nikiiacha barua dukani kwa Valentine pale Garsen ataichukua akija kununua nazi. Basi tumerudi enzi za barua, mimi na wewe.

Sasa nisikilize. Tangu baba apooze mwaka jana, namwamsha, namwosha, namlisha, namgeuza, nampaka mafuta ya nazi mgongoni asitoke vidonda, halafu namgeuza tena. Mume wangu kule Gongoni ameshajifunza kusonga ugali, jambo ambalo halinifurahishi hata kidogo. Nimechoka, Thoya. Nimechoka mpaka nikikaa kumenya muhogo nasinzia na kisu mkononi.

Nakuomba kitu kimoja tu. Njoo wiki moja. Umgeuze wewe, umlishe wewe, mimi nilale mpaka jua linikute kitandani.

Na yeye anakuuliza. Kila asubuhi ni "Thoya yuko wapi?" Nikimwambia uko kazini anauliza kazi gani. Nikimwambia unanywesha ndovu maziwa anacheka na ule upande wa mdomo unaocheka. Mtu aliyepiga madebe maisha yake yote kufukuza ndovu kwenye mahindi, leo mwanawe ni yaya wao!

Nakungoja.

Dada yako,
Kahaso


Kambini,
21 Februari 2025

Dada Kahaso,

Shikamoo. Barua yako imenifikia ikiwa na alama ya kikombe cha chai, nadhani ni Valentine. Kikohozi kimekwisha. Mpe baba pole zangu, na wewe pole zaidi, maana mgonjwa ni mmoja lakini mnaougua ni wawili.

Dada, ningekuja leo. Shida ni Kinakomba. Usicheke, ndilo jina lake. Huku ndama yatima wa ndovu hupewa jina la mahali alipookotwa, na huyu alinasa kwenye tope la dimbwi lililokauka karibu na mashamba ya Kinakomba. Mama yake hakuonekana. Alipoletwa alikuwa ngozi na mifupa, masikio yamebabuka kwa jua.

Kila baada ya saa tatu anakunywa chupa, usiku na mchana. Maziwa ya unga tunayachanganya na nazi iliyokunwa, maana bila mafuta ya nazi tumbo lake linaharisha. Hanywi hivi hivi tu. Lazima blanketi litundikwe, alisukume kwa mkonga kama anavyosukuma ubavu wa mama yake, na mimi nisimame nyuma ya blanketi na chupa. Asubuhi namtembeza pamoja na wale ndama wanne wakubwa, saa sita tunamtia topeni apoe, jioni tunachungulia mavi yake kama watu wanaosoma gazeti. Na usiku nalala zizini mwake, kwenye kitanda cha mbao juu ya kichwa chake. Nikishuka kwenda haja, analia.

Sheria ya hapa ni kubadilishana. Leo mlezi huyu, kesho yule, ili ndama asimgande mtu mmoja. Lakini mwenzangu Nyale alishikwa na homa ya matumbo akaenda kwao, na Mahmud, mlezi mpya, alikuwa hajaanza kazi. Nikalala naye mwezi mzima peke yangu. Kosa lilifanyika hapo. Sasa hataki chupa kwa mkono mwingine. Na ndovu mdogo akimkosa mtu wake hukataa maziwa, na akikataa siku mbili tatu, huyo haponi.

Mahmud sasa amekuja, namfundisha. Kinakomba akimzoea tu, mwezi wa tatu nipo hapo mlangoni.

Nduguyo,
Thoya


Tarasaa,
3 Machi 2025

Thoya,

Hujambo. Sisi tupo.

Mzigo wa mwenzio kanda la usufi. Umeniandikia kurasa mbili za namna unavyolisha ndovu, na mimi nimezisoma huku nimemshika baba kidevu uji usimwagike. Wewe unaamka kila saa tatu? Karibu kwenye chama, ndugu yangu. Tofauti ni kwamba wako ana walezi wenzio na daktari, wangu ana mimi.

Jina la mahali pa watu mmempa ndovu! Nilipomsomea baba hapo akauliza, "Ni wa Kinakomba gani, ni mtoto wa nani?" Alifikiri ni mchumba wako. Nilicheka mpaka machozi, halafu machozi yakakataa kurudi.

Tangu juzi amepunguza kula. Anafumba mdomo. Anageuza uso ukutani na kuita jina lako, si langu mimi niliye hapa na kijiko. Hilo linauma, sitakuficha.

Njoo. Usiseme mwezi wa tatu, mwezi wa tatu ndio huu.

Dadako,
Kahaso


Kambini,
14 Machi 2025

Dada yangu,

Shikamoo. Naomba hasira zako zingoje nimalize.

Nilijaribu. Jumatatu niliondoka alfajiri na Changawa, tukafika hata barabara kuu. Kule nyuma Kinakomba akakataa chupa ya kwanza, akakataa ya pili, akaanza kuzunguka zizi akigonga mbao kwa kichwa. Wakaita gari kwa redio. Nikageuzwa pale pale, na kiroba cha maembe niliyokuwa namletea baba nikampa Changawa. Sijui kama yalifika.

Daktari wetu, Winfred, hanilaumu, lakini hanisaidii pia. Ananiambia ni uamuzi wangu. Uamuzi gani huo? Nikija ndama anakufa, nisipokuja baba anageuza uso ukutani.

Ndiyo maana unapata kifurushi hiki. Ni koti langu la kazi, lile la kijani. Huku mlezi akitoka usiku mmoja huacha koti lake limetundikwa zizini, ndama analinusa, anatulia, ingawa kwa wiki nzima halitoshi. Hili nimelivaa tangu Kinakomba aje, hata Jumatatu nilitoka nalo, sijalifua hata mara moja, samahani kwa pua yako. Mfunike baba. Asiponiona, walau anisikie kwa pua. Najua si sawa. Ndicho nilichonacho.

Nduguyo,
Thoya


Tarasaa,
25 Machi 2025

Thoya,

Maembe yalifika. Koti pia limefika, na limetangulia kufika kwa harufu. Valentine aliliweka nje ya duka.

Nilipofungua kile kifurushi nilitaka kukitia moto. Ai! Baba yetu amekuwa ndama wa kutundikiwa koti? Nilizunguka nalo uani nikizungumza peke yangu, mbuzi wananitazama.

Halafu nikasikia anauliza, "Nani huyo amekuja?"

Amelala chumbani, mimi niko uani, na koti liko mikononi mwangu. Nikaingia nalo. Akanusa. Akasema, "Ndovu." Kisha akanusa tena, akasema, "Na Thoya." Akalivuta kwa ule mkono mzima mpaka kidevuni, na jioni hiyo alikula uji bakuli zima. Aliuliza kama ndovu ananona. Nikasema ananona. Akasema, "Basi mwambie asimlete huku kwenye mahindi."

Hataki lifuliwe. Limeshaingia ugoro wake na mafuta ya nazi ninayompaka, na chakula kidogo. Nimeshindwa, nimeliacha.

Kwa hiyo ahsante. Hiyo ahsante imenitoka kwa shida, ipokee hivyo hivyo. Lakini hasira yangu haijaisha, na wiki yangu ya kulala bado nakudai.

Dada,
Kahaso


Kambini,
2 Mei 2025

Dada Kahaso,

Shikamoo, na pole tena. Tangu tuachane kwenye hanga, matanga ya baba, sijajua niandike nini. Watu wote tulipeana pole, ni wewe tu ambaye sikukupa yako vizuri.

Nilichelewa kaburi. Redio ililia usiku kwamba baba amefariki, mvua ikawa imekata njia, gari likazama mpaka milangoni, na nilipofika udongo ulikuwa umekwisha kurudishwa. Uliniambia kwa utulivu, "Alikuwa ameshika mkono wa koti lako." Nikaenda kukaa na wanaume mkekani kama mgeni.

Wiki nzima nikakaa, kama ilivyopasa. Nikanyolewa pamoja na ukoo. Siku ya kuogeshwa nikaoga vuo, majani yale yaliyopondwa, kichwani mpaka miguuni, nguo nilizojia zikatengwa, nikavaa nyingine. Nilifanya yote kwa ajili ya baba, maana wakati wa uhai wake nilifanya kidogo. Kisha Changawa akapiga honi nami nikaondoka bila kukuaga. Hilo najua.

Sikiliza sasa yaliyonikuta. Kinakomba alikuwa amekonda. Sikuwa na koti la kumwachia, lilikuwa kwa baba, na lile jipya nililopewa siku chache kabla lilikuwa halijashika harufu yangu. Mahmud alimbembeleza wiki nzima kwa vijiko. Mimi nikashuka garini, nikamwita. Akaitambua sauti, akaja mbio, masikio wazi. Alipobakisha hatua chache akasimama. Akanyoosha mkonga, akanusa kichwa changu kilichonyolewa, akanusa mikono. Vuo bado ilikuwa imo ngozini. Akarudi kinyumenyume, akalia, akakimbilia kona ya zizi. Sauti ni yangu, mtu si yeye.

Nimejiogesha kwa tope, nimejipaka maziwa, nimelala kwenye nyasi zake. Anakunywa robo chupa, tena gizani, akisahau. Winfred anasema tutarajie lolote.

Dada, lile koti bado lipo? Sina haki ya kuuliza. Nauliza.

Nduguyo,
Thoya


Tarasaa,
9 Mei 2025

Thoya,

Hujambo. Mimi niko na wageni wa hanga ambao hawajui kuaga, hasa shangazi zetu. Napika, naosha masufuria, napika.

Jibu ni hapana.

Unaniambia niache nini? Vitu vya baba vilivyobaki ni fimbo, kopo la ugoro na koti lako. Shuka zake zilichomwa, kitanda kimetolewa. Koti nililiondoa mapema, kabla hawajaja wa kuchoma, nikalifunga ndani ya mfuko wa plastiki, mafundo mawili. Watu wote wakilala nalifungua kidogo, nanusa, nalifunga upesi lisiishe. Ndivyo ninavyoishi, mtu mzima mwenye wajukuu. Mwaka mzima nilimpaka mafuta, nikamsafisha, naye akafa ameshika koti la mtu asiyekuwepo. Sasa hata hilo unalitaka, umpe mnyama?

Hapana, Thoya. Ng'o. Nimemaliza.

*

Ni siku ya tatu leo na barua hii bado iko chini ya kopo la chumvi, sijaipeleka kwa Valentine.

Tangu juzi namkumbuka baba alivyofumba mdomo. Nikiwa na kijiko, uji unapoa, najua akikataa mara moja zaidi sina la kufanya. Hapo ningechukua koti la shetani kama lingemfumbua. Kumbe wewe ulinitumia lako, ukabaki bila la kumwachia huyo mtoto wako. Hukuniambia wakati ule kwamba ulikuwa unatoa kitu chake.

Asubuhi nimeufungua mfuko. Nimelinusa koti mpaka nikapiga chafya, ugoro huo. Halafu nimefunga fundo moja, si mawili.

Linakuja na Changawa. Nakuonya kwamba halina tena harufu yako. Ni baba huyo, na mafuta yangu ya nazi. Ndovu akilikataa usinilaumu, na akilikubali usiniandikie kwa furaha nyingi.

Kahaso


Kambini,
22 Mei 2025

Dada yangu,

Shikamoo. Nitajitahidi kuandika bila furaha nyingi.

Changawa alifika mchana, sisi tuko topeni. Sikulivaa. Nililitundika palepale panapotundikwa blanketi, nikasimama nyuma yake na chupa, kama zamani. Kinakomba alikaa kona yake kitambo. Akaja. Alinusa kola, akanusa mfuko, akaingiza mkonga kwenye mkono wa koti mpaka ncha ikatokea upande wa pili, akapiga chafya kubwa mpaka Mahmud akasema "Alhamdulillahi". Ugoro wa baba! Kisha akalisukuma kwa nguvu zake zote, akafungua mdomo na kunywa chupa nzima. Akadai nyingine.

Mahmud anasema ni nazi. Anasema ndama hakunitafuta mimi wala mzee, alisikia harufu ya chakula chake, yaani mafuta ya mikono yako. Huenda. Mimi nilikuwa nyuma ya koti nimeshika chupa, na pua yangu ikagusa kitambaa, na baba alikuwa humo, Kahaso. Kule hangani sikulia, watu waliniona. Hapa nimelia, nikaacha chupa ishuke, mpaka ndama akanikasirikia.

Sasa la kusema ukweli. Koti halitarudi kama lilivyokuja. Amelitafuna kola. Amelimwagia maziwa, amelikojolea, amelala juu yake. Siku ya nne nilinusa, baba hayumo tena, ni ndovu mtupu. Nilijua itakuwa hivyo, nawe nadhani ulijua ulipofunga lile fundo moja.

Mahmud ndiye analivaa sasa, na Kinakomba anakunywa kwake. Mara mbili amelala na Mahmud bila kunitafuta. Nimeona wivu kidogo, halafu nikalala usingizi ambao sijawahi kulala tangu Januari.

Sina cha kukulipa. Nimefikiri nikutumie lile koti langu jipya, limeshaanza kuchakaa, pamoja na blanketi zuri la hapa kambini, mvua hizi zina baridi. Niambie kama unataka.

Nduguyo,
Thoya


Tarasaa,
3 Juni 2025

Thoya,

Hujambo. Mahmud hajambo? Huyo mla kola naye?

Ndiyo, nilijua. Nilipolitia garini nilijua halirudi. Nililia siku hiyo, kesho yake nikapika kama kawaida. Nimefurahi anakunywa. Nimesema, basi, tusirudie.

Wazee wamekaa kuzungumzia hanga la pili la baba, la kumalizia. Wanangoja watoto wake waseme ni lini, na watoto wake ni mimi na wewe. Nimewaambia sisemi peke yangu. Wananitazama mimi, mimi natazama barabara. Shangazi wawili bado wako, na masufuria yao.

Kuhusu koti jipya na blanketi, usitume. Ndovu akikubali koti mahali pa mtu, ni ndovu, hana wa kumweleza ukweli. Baba alilikubali kwa kuwa alikuwa mgonjwa na siku zake zimekwisha, angekubali hata kivuli chako. Mimi ni mzima, Thoya. Nina akili zangu zote na pua yangu. Mimi sitaki koti.

Dada yako,
Kahaso


12 Juni 2025

Dada,

Barua hii haina salamu. Salamu nitakupa kwa mdomo, kwa sababu naileta mwenyewe. Nimeiandikia ndani ya gari, Changawa anaendesha vibaya, usicheke mwandiko.

Nimekuja bila koti. Masufuria yako wapi? Niachie mimi, nenda ukalale.

Thoya